Nimekwama kilo 90 na mume wangu anauliza kama nina shida

Hujambo dada mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, na nina kibanda cha chakula hapa Kondele, Kisumu. Asubuhi nauza chai, chapati na mandazi. Mchana ni ugali, omena, maharagwe na mboga za kienyeji. Naamka saa kumi alfajiri na nikifunga ni saa moja usiku, kwa hivyo usinione mvivu kwa haya nitakayokueleza.

Januari nilienda kliniki kudungwa sindano yangu ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Nesi alinipima presha akakunja uso, kisha akanipandisha kwenye mzani. Kilo 97. Mama yangu ana kisukari na mwaka jana alikatwa kidole cha mguu, kwa hivyo siku hiyo nilirudi nyumbani miguu ikitetemeka.

Chama chetu kina wanawake wengi wazito kama mimi. Nilipowasimulia, tukakubaliana kila mmoja ataje kilo anazotaka kufikia kabla ya Krismasi, na atakayeshindwa atoe shilingi 5,000. Mimi nilitaja 70 kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo nilipoolewa. Niliacha soda kabisa. Nikapunguza ugali wa usiku. Jioni msichana wangu wa kazi akinishikia kibanda, nilikuwa natembea na jirani hadi Mamboleo na kurudi. Mchana mara nyingi hata sili, nashinda na chai tu hadi saa kumi.

Kufikia mwezi wa saba nilikuwa kilo 90. Hapo mzani ukagoma. Leo 90, kesho 91, keshokutwa 90 tena. Moyo umekufa. Siku hizi Jumatatu naanza kwa nguvu, Alhamisi nimechoka, na Ijumaa tunasafiri ushago Siaya kwa matanga. Huko ni wali, nyama na soda, na ukikataa unaonekana una maringo.

Nyumbani nako kuna maneno. Mume wangu ni fundi wa magari, si mtu mbaya. Lakini juzi aliniambia wenzake gereji wanamuuliza kama hanilishi. Mama mkwe naye aliniita nyuma ya jiko wakati wa matanga, akanishika mkono hapa juu ya kiwiko kama anayepima kuku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapimwa. Nilielewa anamaanisha nini. Nililia njia nzima hadi Kisumu.

Mteja wangu mmoja ameniuzia chai ya kufyonza mafuta, pakiti shilingi 3,500. Nilipoinywa nilikimbia choo hadi nikafunga kibanda mapema. Mzani ulishuka kilo mbili, wiki iliyofuata zikarudi. Anasema niendelee miezi mitatu na niongeze vidonge vyake ndipo nione kazi. Je, niendelee? Nitafikaje 70 na Krismasi ndiyo hiyo inakuja, imebaki kama wiki kumi na mbili? Na mume wangu nimwambie nini?

Mama Chapati, Kondele

JIBU

Dada yangu, kabla ya lolote chukua kalamu tupige hesabu. Ulianza na kilo 97, sasa una 90. Saba kwa tisini na saba ni zaidi kidogo ya asilimia 7. Kumbuka hiyo asilimia.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafikia kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi, au mazoezi ya namna hiyo, dakika 150 kwa wiki. Katika miaka kama mitatu, hatari yao ya kupata kisukari ilikuwa imepungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Waliomeza metformini, dawa ya kisukari ambayo bila shaka mama yako anaijua, walipata nafuu ya asilimia 31. Yaani kutembea na sahani ndogo vilishinda kidonge. Na hakuna aliyeambiwa arudie kilo za siku ya harusi.

Wewe umeshafika pale watu wale walipoambiwa wafike, tena huku unachoma chapati tangu alfajiri, na bado umeniandikia kama mtu aliyeshindwa! Kilichokushinda ni ile 70 uliyoitamka kwenye chama mbele ya watu. Ulikuwa na miaka mingapi ulipoolewa? Hujazaa, hujadungwa sindano, hujasimama mbele ya jiko saa kumi na tano kwa siku. Kutoka 90 hadi 70 kwa wiki kumi na mbili ni zaidi ya kilo moja na nusu kila wiki. Kiasi kinachopendekezwa ni nusu kilo hadi kilo moja. Anayeporomoka kwa kasi kuliko hapo hupoteza na misuli, na wengine huishia kupata vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, maumivu ambayo sikuombei. Ukifika Krismasi ukiwa na 85 utakuwa umefanya kazi kubwa. Hiyo 70 iache, tutaizungumzia ukishapita 80, kama bado utakuwa unaitaka.

Sasa huo mzani uliogoma. Mwili wa kilo 90 hautumii chakula kingi kama wa kilo 97, hata ukiwa umelala. Safari ya Mamboleo ambayo Januari ulikuwa unaifanya na kilo saba zaidi, sasa unaifanya ukiwa mwepesi, kwa hivyo inatumia nguvu kidogo kuliko zamani. Chakula kilichokupunguza mwanzo wa mwaka sasa kinatosha kukuweka pale pale. Humtokea kila anayepungua na wala mwili wako haujaharibika. Zaidi ya hayo, unajipima kila siku. Mzani huhesabu hata maji, na maji hupanda na kushuka kwa chumvi ya omena ya jana, kwa siku zako za mwezi, kwa choo ulichokosa asubuhi. Kilo moja au mbili za kupanda na kushuka hivyo hazihusiani na mafuta. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, ukitoka chooni na kabla ya chai. Halafu mwombe fundi wa nguo tepu, ujipime kiuno mara moja kwa mwezi. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 88 ndicho cha kukupa wasiwasi, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayochokoza sukari na presha. Kuna miezi mzani hukataa kusema lolote huku tepu ikisonga.

Lakini kuna jambo lingine, na hili liko kwenye karai.

Umeandika kwamba mchana huli, unashinda na chai. Samahani dada, mimi nimekula vibandani maisha yangu yote na sijawahi kuona mpishi wa chapati ambaye hajala hadi saa kumi. Hebu tujaribu asubuhi moja. Chapati ya kwanza, ile inayonyonya mafuta kabla karai halijatulia, haipendezi kuuzwa, unaikunja unaila. Nyingine imepasuka ukiigeuza. Nyingine imeungua upande mmoja kwa sababu mteja alikuwa anadai chenji. Kisha unakata kipande, unakichovya kwenye maharagwe kuonja chumvi, na kwa kuwa chumvi haijakolea unaonja tena. Saa nne limebaki mandazi moja, nani atalinunua? Na chai je? Kila mteja unayemjua akikaa, nawe unajimiminia nusu kikombe cha kupiga naye stori. Saa nane mtu akikuuliza umekula nini, utaapa kwamba hujatia kitu mdomoni, na hutakuwa unadanganya, kwa sababu kichwa hakihesabu kilicholiwa kwa kusimama.

Mwili unahesabu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Mtu wa kilo zako akitembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida hutumia kalori kama 300. Kwa maneno mengine, vijiko viwili na nusu vya mafuta vinafuta safari nzima ya Mamboleo, na hivyo havifiki hata nusu ya yale ambayo karai lako linamaliza asubuhi. Sukari nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani takriban vijiko sita vidogo. Vikombe vitano vya chai ya vijiko viwiliviwili vimeshakufikisha kumi. Uliacha soda, hongera sana, chupa ya nusu lita ina sukari ya zaidi ya vijiko kumi na viwili. Ila naona iliyotoka kwenye chupa imerudi kwenye kikombe.

Kwa hiyo sikuongezei mazoezi wala sikunyimi ugali. Nakupa sharti moja la kila siku: usile ukiwa umesimama. Chochote unachokula kiwe kwenye sahani, na wewe uwe kwenye kiti, hata kama ni kile kibao cha wateja. Kuonja chumvi ni ncha ya kijiko kidogo, basi, kijiko kirudi kwenye maji. Chapati zilizopasuka weka sufuria yake, zikatekate, ziuze na maharagwe kwa bei ya chini. Watoto wa shule na watu wa mkokoteni watazimaliza, na utaona pesa ambayo umekuwa ukiila.

Halafu ule kweli. Asubuhi kama saa mbili, kabla ya msongamano, kaa: yai la kuchemsha, kipande cha nduma au ngwaci (kiazi kitamu), chai ya kijiko kimoja cha sukari. Wateja wa mchana wakiisha, kaa tena: nusu ya sahani iwe mboga kama osuga, saga au sukuma, omena wako, na ugali wa kiasi cha ngumi yako. Omena ni chakula kizuri, kina protini na madini ya mifupa, mradi wasiogelee kwenye mafuta. Mboga ukizipika kwa maziwa, mafuta usiongeze. Mtu aliyekula vizuri saa tisa hagombani na sufuria ya ugali usiku.

Kuhusu kutembea, nimeona mahali ulipojikwaa. Ahadi uliyojiwekea mwaka ulipoanza ilikuwa ya mwanamke asiye na kibanda. Ilikuwa Mamboleo au hakuna, na siku msichana wa kazi asipokuja, hakuna. Ikipita siku mbili unasema basi, nitaanza Jumatatu. Ahadi ya kila siku ipime kwa siku yako mbaya kuliko zote: mvua, mtoto ana homa, gesi imeisha. Siku kama hiyo unaweza dakika kumi? Basi dakika kumi ndiyo ahadi, na inayozidi hapo ni nyongeza. Siku nzuri nenda Mamboleo. Siku ya kawaida, kati ya saa nne na saa tano chai ikiwa imepoa na jua halijawa kali, tembea hadi Kibuye ukanunue nyanya na mboga, urudi na mzigo kwa tuktuk. Soko unalihitaji vyovyote vile. Alfajiri ya saa kumi usitembee, panda pikipiki, usalama kwanza. Ukifikisha dakika 150 kwa wiki kwa vipande vipande, mwili hauulizi ulizipata wapi.

Matanga hayataisha, sisi wa Magharibi na Nyanza tunajua. Usikatae chakula, utaanzisha kesi. Nenda mapema kwa akina mama wanaopakua, wewe ni mpishi mwenzao, shika mwiko mwenyewe. Jipakulie mboga na nyama, wali kidogo, na mkononi shika chupa ya maji, maana mwenye chupa mkononi halazimishwi soda. Siku moja ya matanga haiharibu kitu. Kinachokuumiza ni Jumapili jioni, unaporudi ukiwa umeshaamua kwamba wiki imeharibika.

Mama mkwe nakuomba umwonee huruma kidogo. Kizazi chake kilizika watoto. Kuna miaka ambayo Ukimwi ulipitia Nyanza kabla dawa hazijapatikana kwa urahisi, na mtu akianza kupungua kila mmoja alijua kinachofuata. Mkono ule aliokushika, alishawahi kushika wa wengine. Mweleze wewe mwenyewe, mdomo kwa mdomo, kwamba presha yako ilipanda, kwamba mama yako amekatwa kidole, na kwamba umepungua kwa kupanga. Ukinyamaza, atajijibu mwenyewe.

Mumeo naye usimwambie habari za kutaka kuwa mwembamba, hapo atasikia unamtafutia mwenzake. Mwambie habari za mguu wa mama yako. Kisha mpeleke kliniki mkapimwe presha na sukari pamoja, fundi wa magari wa miaka arobaini na kitu pia anahitaji. Akisikia nesi akisema presha yako imeshuka, ataenda gereji na jibu lake. Na kwa kuwa umesema si mtu mbaya, mwulize wazi kama na yeye ana hofu anayoificha. Wanaume wengi hutaja maneno ya wenzao wakiwa na maana ya maneno yao.

Ukiwa hapo kliniki, mambo mawili. Sindano ya miezi mitatu huwaongezea baadhi ya wanawake uzito. Usiiache kiholela ukajikuta na mimba ya nne, mwulize nesi kuhusu njia nyingine. La pili, omba kuonana na afisa wa lishe. Hospitali za kaunti wanao, na hata ile ya rufaa ambayo Kisumu bado tunaiita Russia. Umweleze unavyochoka, ili aone kama kuna haja ya kupimwa tezi ya shingoni na damu. Ukishaanzishiwa dawa yoyote ya sukari au presha, usianze kufunga kula bila kumwambia daktari.

Chama kisife, kinakusaidia kuliko unavyodhani. Wape wazo hili kwenye mkutano ujao: faini isiwe ya kilo, kwa sababu kilo hakuna anayeziamuru. Iwe shilingi 100 kwa siku ambayo mtu hakutembea hata dakika kumi, na kila jioni mtumiane ujumbe wa simu, nimetembea au sijatembea. Najua wengine watadanganya mwanzoni. Mkianza kutembea wawili wawili wataacha.

Na ile chai. Usiendelee, wala vidonge usivinunue. Chai nyingi za aina hiyo huwa na majani ya sena, dawa ya kuharisha. Kilo mbili ulizopoteza zilikuwa maji na choo, ndiyo maana zilirudi ulipokunywa maji. Ukizoea, utumbo husahau kazi yake na chumvi za mwilini huvurugika, na kwa mtu mwenye presha hilo ni hatari. Vidonge ndivyo vinavyonitisha zaidi. Katika nchi mbalimbali dawa za kupunguza uzito zinazouzwa kama mitishamba zimewahi kukutwa na sibutramini ndani bila kuandikwa kwenye pakiti, na hiyo ni dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mteja wako huenda hajui anachouza, kwa hivyo usimgombeze, mwonyeshe tu aya hii. Pakiti iliyobaki usiwauzie wanachama wenzako kurudisha pesa yako. Mwaga chooni.